Je, Wajua? Mpaka wa Mita 40

Mzamiaji wa burudani, yule anayeshuka kutazama matumbawe ya Watamu, hashauriwi kupita mita 40. Mambo yakimharibikia, anaweza kupanda moja kwa moja hadi juu.

Mzamiaji wa kiufundi, yule anayevuka mpaka huo, hana nafasi hiyo. Naitrojeni imeyeyuka kwa wingi mwilini mwake. Akikurupuka kupanda, inatoa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla, nayo huweza kumpoozesha au kumuua. Lazima asimame njiani, kituo baada ya kituo, pengine kwa saa nzima. Wengi huongeza heliamu mitungini, maana naitrojeni ya kilindini hulevya. Tofauti ipo kweli, si mbwembwe za vifaa tu, ingawa mbwembwe nazo hazikosekani.

Kina hicho si cha kubuni: Oktoba 2019, gari lililotumbukia baharini kutoka feri ya Likoni, Mombasa, lilipatikana takriban mita 58 chini, kupita mpaka wa mzamiaji wa burudani.

Na mbali na bahari, kwa mfano Webuye? Mji uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye hewa nyepesi. Hesabu za uzamiaji hubadilika kuanzia kimo cha mita 300, kwa hiyo anayezama na mtungi katika Mto Nzoia, karibu na maporomoko ya Nabuyole, hawezi kutumia majedwali ya uzamiaji ya usawa wa bahari, kama ya Mombasa, bila kuyarekebisha.