Kioo cha Namna Gani? Istilahi za Madirisha ya Kibanda cha Pikapu

Lengo la makala hii ni kueleza istilahi zinazohitajika mtu anapotaka kubadilisha dirisha lililovunjika katika kibanda cha pikapu, na kuonyesha kwa nini neno moja, kioo, halitoshi kwa kazi hiyo. Huenda wasomaji wengine wakaona kwamba jambo hili ni dogo, la kuachiwa mafundi. Sisi twaliona kuwa ni kubwa. Hati ya kuagizia kifaa huandikwa na karani, pengine hupitia kwa mfasiri, kisha husomwa na mwenye duka. Fundi huletewa kile tu kilichotajwa katika maandishi. Neno likikosewa ofisini, atakayeumia ni abiria aliyeketi nyuma ya gari.

Mifano yetu tumeichukua Mwitongo, Butiama, katika mkoa wa Mara. Mahali hapo panajulikana kwa kuwa ndipo alipozikwa Mwalimu Julius Nyerere mwezi Oktoba 1999, na ndipo yalipo makumbusho yenye jina lake. Wafasiri wana sababu nyingine ya kupakumbuka. Mwenyeji wa hapo ndiye aliyefasiri tamthilia ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Kazi hizo zilithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kubeba maneno ya watawala wa Roma. Swali letu leo ni kama chaweza kubeba, kwa usahihi ule ule, maneno ya fundi bodi wa Musoma.

Swali hili lina uzito wa pekee katika sehemu hizo. Pikapu za zahanati, za shule, za misheni na za idara mbalimbali hupita katika barabara za vijijini zilizomwagwa changarawe. Gari hutikisika mchana kutwa, mawe hurushwa na magari yanayopishana, na vumbi huingia kila penye upenyo. Juu ya hayo, Butiama ipo kusini mwa Ikweta kwa kiasi kisichofika nyuzi 2, nayo imeinuka kuliko Ziwa Viktoria, ambalo lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Jua la hapo ni kali. Kitu chochote kitakachotiwa katika dirisha hakina budi kuvumilia mtikisiko, jiwe, vumbi na jua kwa pamoja.

Kibanda na kifuniko

Kwanza yatupasa kukipa jina chombo chenyewe. Wako wenye magari wanaokiita kanopi, wengine husema bodi ya nyuma, na wengine boksi. Neno bodi ni pana mno, maana gari zima lina bodi. Boksi nalo hutumiwa kwa sanduku lolote. Sisi tunapendekeza kibanda cha pikapu kwa kile chenye kuta, paa na madirisha, na kifuniko cha pikapu kwa kile kinacholazwa juu ya mbao za ubavuni bila kuacha nafasi ya mtu kukaa. Tofauti hiyo ni muhimu: kifuniko hulinda mizigo tu, lakini kibanda huweza kuwa na watu ndani yake.

Upana wa neno kioo

Katika Kiswahili neno kioo halikufungwa na kitu kimoja. Kioo cha kujitazamia ni kioo. Kioo cha dirisha ni kioo. Siku hizi hata uso wa simu na wa televisheni huitwa kioo, ingawa pengine umetengenezwa kwa plastiki. Walimu wa fasihi nao hufundisha kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Katika matumizi yote hayo kinachotajwa ni kazi ya kuona, si mada iliyokitengeneza kifaa. Kwa hiyo mtu anayesema «kioo cha plastiki» hakufanya kosa la lugha.

Hata hivyo, neno linalotosha katika mazungumzo huweza kupungua katika hati. Zipo mada sita zinazoweza kutiwa katika dirisha la kibanda, na zote kwa macho ni kitu kimoja: angavu, laini, zenye kung'aa. Tofauti yake hudhihirika siku ya ajali. Ndiyo maana twashikilia kwamba istilahi za mada hizi zitokane na jinsi kitu kilivyotengenezwa, maana ndiyo inayoamua namna kitakavyovunjika. Sura yake haitusaidii.

Vioo vitatu

Cha kwanza ni kioo kinachouzwa madukani kwa ajili ya nyumba. Hukatwa kwa urahisi kwa kifaa cha kukatia vioo, na bei yake ni nafuu. Kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha kali kama visu. Wengi hukiita kioo cha kawaida, lakini neno kawaida halifai, kwa kuwa kilicho cha kawaida katika nyumba si cha kawaida katika gari. Tunapendekeza kioo kisicho na matiko.

Neno matiko ni la wahunzi. Chuma kilichochomwa moto na kuzamishwa majini ili kiwe kigumu husemwa kwamba kimetiwa matiko. Kioo cha pili hutengenezwa kwa njia inayokaribiana na hiyo: hupashwa moto hadi kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupozwa ghafla kwa hewa inayopulizwa pande zote mbili. Sehemu ya nje hushikamana kwa kubanwa, na kioo huwa na nguvu mara nne hivi kuliko kile cha kwanza. Kikivunjika, husambaratika chote kuwa punje ndogo zisizo na ncha ndefu. Hiki twakiita kioo chenye matiko.

Wenyeji wa Mara watatutania, maana huko Matiko ni jina la watu, hasa kwa Wakurya. Mtu akisikia «kioo cha Matiko» atauliza Matiko yupi. Utani huo una faida kwa mtunga istilahi. Unatuonyesha kwamba kiunganishi «cha» huleta dhana ya umilikaji, na kwamba «chenye» ndicho kinachotaja sifa. Tuandike «kioo chenye matiko», na shaka itaondoka.

Cha tatu ni kioo kilichoundwa kwa vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki. Mfaransa Édouard Bénédictus alipata haki ya uvumbuzi wa kioo cha namna hii mwaka 1909, na leo ndicho kinachotumika katika kioo cha mbele cha magari. Kikipigwa hufanya nyufa, lakini vipande hubaki vimenata kwenye utando. Wako wanaopenda kukiita kioo cha tabaka mbili. Twaona jina hilo litachanganya, maana yako pia madirisha ya nyumba yenye vioo viwili vilivyoachiwa nafasi ya hewa katikati. Wala haitoshi kusema kioo chenye utando, kwa sababu magari mengi hubandikwa utando wa giza juu ya kioo. Tunapendekeza kioo chenye utando kati.

Plastiki tatu

Akriliki ni plastiki ngumu, angavu sana, ambayo imeuzwa kwa majina ya biashara kama Plexiglas na Perspex tangu miaka ya 1930. Uzito wake haufiki nusu ya uzito wa kioo. Dirisha la sentimita 90 kwa 45, lenye unene wa milimita 4, likiwa la kioo lina kilo 4 hivi. Likiwa la akriliki halifiki kilo 2. Akriliki huvumilia jua vizuri, na mikwaruzo midogo huweza kusuguliwa ikaondoka. Udhaifu wake ni kwamba hupasuka, hasa penye tundu la skrubu lililokazwa mno.

Polikaboneti iligunduliwa mwaka 1953 na Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani, na mwaka huo huo na Daniel Fox wa General Electric huko Marekani. Jina lake la biashara lililoenea ni Lexan. Neno polikaboneti si geni kabisa kwetu, maana wanafunzi wa kemia wanajua kaboni na kaboneti. Mada hii haivunjiki kwa urahisi hata ikipigwa kwa nyundo. Lakini hukwaruzika upesi, na isipopakwa tabaka la kukinga miali ya urujuanimno hugeuka manjano na kuwa dhaifu juani. Petroli na tina huidhuru. Isafishwe kwa maji, sabuni laini na kitambaa, na vumbi limwagiwe maji kwanza kabla ya kufutwa.

Ya tatu ni plastiki laini inayokunjika, kama ile inayoshonwa katika mapazia ya mvua ya bajaji. Wengi huiita nailoni. Jina hilo tunaliepuka katika hati, kwa sababu nailoni ni mada nyingine, na wavuvi wa Musoma wanaijua vizuri kama uzi wa nyavu. Anayeagiza «nailoni mita tano» asishangae akiletewa uzi. Tuseme plastiki laini angavu.

Hapa yafaa tutoe tahadhari juu ya majina ya biashara. Kama vile wengi wanavyosema kolgeti kwa dawa yoyote ya meno, ndivyo mafundi wanavyoweza kutaja jina la biashara kwa plastiki yoyote ngumu. Mtaani hakuna madhara. Katika hati ya Serikali, jina la biashara huweza kufunga mlango kwa wauzaji wengine, au kufungua mlango kwa mada isiyokusudiwa.

Namna ya kuchagua

Baada ya kuzitenga istilahi, uchaguzi huwa mwepesi. Swali la kwanza ni: je, watu watakaa ndani ya kibanda? Kama watakaa, kioo kisicho na matiko kikataliwe moja kwa moja, hata kama ndicho pekee kilichopo dukani siku hiyo.

Swali la pili ni: watu hao watatokaje gari likipinduka na mlango ukikwama? Kioo chenye matiko huweza kuvunjwa kwa nyundo ndogo yenye ncha. Polikaboneti haivunjiki, na kioo chenye utando kati huvunjika bila kufungua njia. Ile sifa inayosifiwa dukani, yaani kutovunjika, huweza kuwa kifungo kwa mgonjwa au mwanafunzi aliyemo ndani. Anayechagua polikaboneti kwa kibanda cha abiria hana budi kuhakikisha kwamba angalau dirisha moja kubwa lafunguka kwa ndani.

Swali la tatu linahusu fundi na vifaa vyake. Kioo chenye matiko hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kutengenezwa. Kikiguswa kwa kifaa cha kukatia, husambaratika chote. Vipimo vyake viwe kamili kabla ya kuagiza. Plastiki ngumu huweza kukatwa kwa msumeno hapo hapo karakanani, lakini hutanuka kwa joto kuliko kioo. Kipande cha sentimita 90, joto likipanda nyuzi 30, hutanuka karibu milimita 2, hali kioo hutanuka kama robo ya milimita tu. Matundu ya skrubu yawe mapana kuliko skrubu, na fremu iwe na mpira wenye kuachia nafasi.

Kwa pikapu ya abiria katika barabara za Butiama, basi, sisi twapendelea kioo chenye matiko pale ambapo dirisha ni bapa na vipimo vyapatikana. Polikaboneti iliyopakwa kinga ya jua ifuate, kwa sharti la dirisha la kufunguka. Akriliki ibaki kwa vibanda vya mizigo, na plastiki laini angavu kwa turubai.

Namna ya kuandika

Tunatoa mfano wa maneno yanayoweza kutumika katika hati: «Dirisha moja la ubavuni la kibanda cha pikapu, kioo chenye matiko, upana sentimita 90, kimo sentimita 45, unene milimita 4, kingo zisagwe na matundu yatobolewe kabla ya kutiwa matiko, pamoja na mpira wake.» Hati kama hiyo haimwachii mwenye duka nafasi ya kukisia. Kifaa kikiletwa, mpokeaji aangalie alama ndogo iliyochapwa pembeni ya kioo, ambayo hutaja aina yake. Kisicho na alama yoyote kisipokewe mpaka mwenye duka athibitishe.

Tumesema kwamba kioo ni neno pana, wala hatukusudii kulipunguza upana huo. Watu waendelee kulitumia kama walivyozoea. Wajibu wa karani na mfasiri ni kuongeza neno moja au mawili baada yake, yale yatakayotofautisha punje na visu. Istilahi tulizozitaja hapa ni mapendekezo. Tunawaomba walimu wa ufundi, makarani wa bohari na mafundi wenyewe wazipime kazini, na wenye maneno bora zaidi wayalete ili yajadiliwe.