Lifti ya mtumba katika gereji ya uani

Lifti ya magari yenye nguzo mbili hushika gari kwa mikono minne chini ya bodi na kulipandisha mpaka fundi asimame chini yake bila kuinama. Kinachonyanyua ni oili. Mota ya umeme huzungusha pampu, pampu husukuma oili kwenye silinda zilizomo ndani ya nguzo, na pistoni hupanda na mikono iliyobeba gari. Kanuni ya msukumo huo ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17. Aliyeifikisha gereji ni Peter Lunati wa Memphis, Marekani, aliyebuni lifti ya haidroliki ya magari mwaka 1925.

Buguruni, Dar es Salaam, kuanzia Malapa mpaka Kwa Mnyamani, gereji ya nyumbani si chumba cha kulaza gari. Ni ua au ubavu wa nyumba, bati juu, na magari ya wateja yakipishana na kamba za kuanikia nguo. Fundi wa hapo amezoea jeki na tofali, au shimo. Tofali ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa tofali la saruji lililoelemewa hupasuka ghafla bila kumwonya aliye chini. Shimo nalo lina kasoro mbili. Sehemu za chini za Buguruni zinaelekea bonde la Mto Msimbazi, na masika maji hupanda na kulijaza. Hata kiangazi, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutuama shimoni, na cheche moja ya grenda inatosha kuuwasha. Ndiyo sababu lifti iliyotumika, iliyoshushwa kwenye kontena kutoka Japani, Dubai au Ulaya, inawavutia mafundi wenye mtaji mdogo. Wanachokosea wengi ni mpangilio: hununua mashine kwanza, kisha ndipo hutafuta pa kuiweka.

Kazi inapaswa kuanzia kwenye ua wenyewe, kwa futi kamba. Lifti ya kawaida ya nguzo mbili huchukua upana wa karibu mita 3.5, na gari huhitaji urefu wa mita 6 hadi 7 pamoja na nafasi ya fundi kupita mbele na nyuma. Bati ndilo huumbua wengi. Toyota Noah ina kimo cha karibu mita 1.9. Likipandishwa mita 1.8, paa lake linafika mita 3.7 kutoka chini. Bati lililo chini ya hapo kidogo halitoshi kwa gari hilo, ingawa Toyota IST, lenye kimo cha karibu mita 1.5, litapita.

Baada ya vipimo huja sakafu, na hapa hapatakiwi haraka. Uzito wote wa gari hushukia kwenye vitako viwili vya nguzo, na gari likiwa juu huvuta nguzo zielekee ndani, hivyo bolti hujaribu kung'oka. Sakafu nyingi za uani ni zege jembamba la sentimita 5 hadi 7 lililomwagwa juu ya kifusi na kupigwa nili. Hilo linafaa kukalia, halifai kushika nguzo. Watengenezaji wengi wa lifti hutaka zege lenye unene usiopungua sentimita 10 hadi 15, imara na lisilo na nyufa. Njia ya kujua ni kutoboa tundu dogo kwa drili na kupima kina, maana maneno ya aliyejenga hayatoshi.

Sakafu ikiwa nyembamba, hukatwa mahali pa kila nguzo na kuchimbwa msingi wa mita 1.2 kwa mita 1.2, kina sentimita 30, wenye nondo. Ardhi ya chini hushindiliwa kwanza. Ikiwa ni ya tope au kifusi, huchimbwa mpaka penye udongo mgumu. Mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji, moja ya mchanga na mbili za kokoto hutoa zege linalofaa, na misingi yote miwili hutumia karibu mifuko 10 ya kilo 50. Zege humwagiliwa maji kwa siku 7 na kuachwa likomae mpaka siku ya 28. Kufunga lifti juu ya zege la wiki moja ni kuharibu kazi nzuri kwa kukosa subira. Kufungia nguzo kwenye ukuta wa tofali, kama wengine wafanyavyo ili kuongeza uimara, hakuongezi lolote.

Ukaguzi wa lifti yenyewe huanzia kwenye kibao chake cha chuma. Kibao husema uzito wa juu inaobeba. Lifti ya tani 3.2 hutosha kwa IST, Noah na Hiace, na hata Land Cruiser V8 ya karibu tani 2.7 isiyo na mzigo. Lifti isiyo na kibao haina uzito unaojulikana, na haifai kununuliwa. Rangi mpya isimfurahishe mnunuzi. Huenda imepakwa kuficha mshono wa kuchomelea, kwa hiyo viungo vya mikono na vitako vikwanguliwe na kutazamwa kwa tochi. Waya za chuma zinazosawazisha pande mbili hupitishiwa kitambaa, na nyuzi zilizokatika hunasa. Kufuli za usalama zilie pamoja pande zote, mlio mmoja, kila lifti inapopanda hatua. Muuzaji asiyeweza kuionyesha ikiwa imebeba gari anauza chuma chakavu, na bei yake iwe hiyo.

Umeme ndio mtego wa mitumba ya Japani. Huko umeme wa nyumbani ni volti 100 na wa fezi tatu ni volti 200. Tanzania ni volti 230 kwa fezi moja na 400 kwa fezi tatu. Mota ya volti 200 ikiunganishwa kwenye fezi tatu za shirika la umeme, TANESCO, huungua. Nyumba nyingi za Buguruni zina fezi moja, hivyo mara nyingi lililo rahisi ni kubadilisha mota na pampu yake kwa ile ya volti 230, takriban kilowati 2.2. Mota hiyo iwe na njia yake kutoka kwenye mita, waya wa milimita za mraba 4, swichi yake na ethi. Kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EWURA.

Nguzo moja ina urefu wa karibu mita 2.8 na uzito wa kilo mia mbili na zaidi. Kirikuu haiwezi kuibeba, Canter ndiyo gari lake. Nguzo husimamishwa kwa winchi ya mnyororo, na wima wake hupimwa kwa timazi pande mbili. Palipopungua huingizwa vipande vya bati la chuma chini ya kitako. Bolti za nanga huwa mpya. Zilizokuja na lifti zimeshatanuka na hazishiki tena. Matundu hupulizwa vumbi, na bolti hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu kama mtengenezaji anavyoelekeza.

Majaribio hufanywa kwanza bila gari, kisha kwa gari dogo lililoinuliwa sentimita 30 na kutikiswa, halafu likapandishwa juu na kuachwa saa moja. Likishuka lenyewe, huenda sili za silinda zimechoka. Hiace injini yake iko chini ya kiti, na Noah za zamani vivyo hivyo, hivyo uzito wake hauko palipo uzito wa IST. Mikono hupangwa upya kwa kila gari. Fundi haingii chini kabla lifti haijashushwa ikakaa juu ya kufuli, kwa kuwa oili kazi yake ni kunyanyua tu.

Gereji inayopokea wateja ni mahali pa kazi hata ikiwa uani, na chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 hutakiwa kusajiliwa na wakala wa usalama kazini, OSHA. Bolti hukaguliwa tena baada ya wiki mbili za kazi, na waya uliokatika nyuzi hauungwi, hubadilishwa.