Kutoa ni Moyo: Desturi ya Wakatoliki ya Kuyategemeza Makanisa Machanga

Kila mwaka, Dominika ya kabla ya ile ya mwisho ya Oktoba, sadaka ya Wakatoliki duniani kote huwa si mali ya parokia inayoikusanya. Haiezeki paa la kanisa wala hainunui spika. Hupelekwa jimboni, kisha Roma, ikachanganywa na ya mataifa mengine na kugawiwa makanisa machanga kwa ajili ya seminari, makatekista na vigango. Papa Pius wa Kumi na Moja ndiye aliyeiweka Dominika hiyo ya Kimisionari mwaka 1926, lakini desturi yenyewe ni kongwe kuliko agizo lake, na walioianzisha hawakuwa maaskofu.

Walikuwa wanawake wa viwanda vya hariri huko Lyon, Ufaransa. Pauline Jaricot, binti wa tajiri wa hariri, aliwaomba wasali kila siku na kutoa kila wiki sou moja, sarafu ndogo, kwa ajili ya misioni. Kila mtu alitafuta wenzake kumi. Viongozi wa makumi wakawa na kiongozi wa mia, na wa mia wakawa na wa elfu. Tarehe 3 Mei 1822 mpango huo ukawa shirika rasmi la Uenezaji wa Imani. Jaricot alikufa fukara mwaka 1862, na mwaka 2022 Kanisa likamtangaza mwenye heri.

Wengine wakafuata. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson aliwahimiza watoto wa Ufaransa wawasaidie watoto wenzao wa China; ndio mwanzo wa shirika la Utoto Mtakatifu. Mwaka 1889 Jeanne Bigard na mama yake walianza kuchangisha fedha za kuwasomesha waseminari, baada ya askofu wa Nagasaki, Japani, kuwaandikia kwamba angelazimika kuwarudisha vijana nyumbani kwa kukosa fedha.

Mwanajumuiya wa Songea au Kisumu hahitaji kuelezwa habari ya makumi ya Jaricot. Tangu maaskofu wa AMECEA, shirikisho la maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipoziweka mbele jumuiya ndogo ndogo mwaka 1976, majirani hukutana nyumba kwa nyumba, wakasoma Injili, wakatoa sadaka, wakapanga nani atamtazama mgonjwa na kila kaya itachanga nini msibani. Wakati wa mavuno, altareni hufika mkungu wa ndizi, debe la mahindi, jogoo aliyefungwa miguu. Misa ikiisha, mnada huanza uwanjani, na yai moja laweza kununuliwa kwa bei ambayo sokoni isingesikika. Hakuna anayelalamika, kwa kuwa hanunui yai.

Hata hivyo, wazee wetu walifyatua matofali na kubeba mawe ya kujengea misioni, lakini fedha waliiona ikitoka ng'ambo. Pakazaliwa mazoea ya kungoja mfadhili, na mazoea hayo bado yapo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya umisionari, uliyataka makanisa machanga yatume wamisionari wao mapema, hata kama yenyewe yana upungufu wa mapadre. Miaka mitatu baadaye, Moroto, Uganda, likazaliwa shirika la Mitume wa Yesu, la wamisionari Waafrika. Bukoba ilikuwa imekwisha kumtoa Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali katika nyakati zetu, mwaka 1960.

Kanisa linalojua kupokea tu halijakomaa, hata likiwa na umri wa zaidi ya miaka mia. Basi Oktoba ikifika, usitafute noti iliyochakaa kuliko zote mfukoni. Toa kama unavyonunua yai la mnadani, na mtoto wako umpe sarafu yake mwenyewe aitoe kwa mkono wake.