Mario Balotelli: Kipaji na Matata

Hapa bwenini, kila yakizuka mabishano juu ya wachezaji wa Ulaya, jina la Mario Balotelli huleta kicheko. Kila mtu ana kisa chake. Lakini nimeona kwamba wengi wetu twajua vituko vyake kuliko mchezo wake, na mwanzo wake hatuujui kabisa. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, nimetaka kuueleza.

Alizaliwa mjini Palermo tarehe 12 Agosti 1990, wazazi wake wakiwa Waghana. Alikuwa mtoto mgonjwa, na alipokuwa na umri wa miaka mitatu hivi akapewa watu wa jamaa ya Balotelli, karibu na Brescia, wamlee. Sasa sikilizeni jambo hili. Kwa sheria ya Italia, mtoto wa wageni hawi raia kwa sababu tu amezaliwa huko. Hungoja mpaka atimize miaka 18 ndipo aombe. Basi kijana huyu, aliyekua akisema Kitaliana kama wenzake wote, hakuweza kuchezea vijana wa taifa. Mwaka 2007 Ghana ilimwita, naye akakataa. Alipata uraia Agosti 2008.

Wakati huo alikuwa amekwisha anza kuchezea Inter, chini ya Roberto Mancini. Aprili 2009 alifunga bao mjini Turin, na washabiki wa Juventus wakaimba kwamba hakuna Mtaliana mweusi. Juventus iliadhibiwa kucheza mechi moja bila watazamaji.

Tusimfanye malaika, hata hivyo. Mwaka 2010, baada ya Inter kuishinda Barcelona 3 kwa 1, aliivua jezi ya klabu yake akaitupa chini, kwa kuwa watazamaji walimzomea. Kosa hilo lilikuwa lake mwenyewe. Mwaka ule ule Mancini alimchukua Manchester City. Huko alipata kuwarushia vijana wa klabu vishale. Na Oktoba 2011 fataki ziliwashwa katika chumba cha kuogea nyumbani kwake, moto ukatokea. Siku chache hazikupita, akafunga mabao mawili City ilipoipiga Manchester United 6 kwa 1.

Ufundi wake ulionekana zaidi katika penalti. Hakukimbilia mpira kwa pupa kama tufanyavyo sisi. Alikwenda polepole, akasita kidogo akimtazama golkipa, na golkipa akiisha kujitupa, yeye huupeleka mpira upande wa pili. Hakukosa penalti yo yote kwa klabu wala taifa mpaka Septemba 2013, golkipa wa Napoli alipoizuia.

Siku yake kubwa ilikuwa tarehe 28 Juni 2012 mjini Warsaw, katika nusu fainali ya Ulaya. Italia iliishinda Ujerumani 2 kwa 1, mabao yote mawili ni yake. La kwanza kwa kichwa, la pili kwa shuti kali sana. Akavua jezi, akasimama kimya kama sanamu; kisha, mchezo ulipokwisha, akaenda kumkumbatia mama aliyemlea.

Baadaye alihamahama: Milan, Liverpool alikofunga bao moja tu la ligi, kisha Nice, ambako alifufuka kidogo. Mancini, akiwa kocha wa Italia, alimwita tena mwaka 2018, lakini mwaka huo huo ndio ukawa wa mwisho kwake kuchezea taifa. Alikuwa na miaka 28 tu. Mimi nadhani mazoezi ya kila siku ndiyo yaliyomshinda, wala si matusi. Lakini atakayesema matusi hayakumpunguzia kitu, namwomba autazame mchezo wa Verona wa Novemba 2019. Balotelli alikuwa upande wa Brescia. Watu wakamlilia kama nyani. Akaushika mpira, akaupiga kwa nguvu jukwaani, akaanza kutoka uwanjani. Wachezaji wa pande zote mbili wakamzunguka, wakambembeleza arudi. Akarudi, na karibu na mwisho wa mchezo akafunga bao la pekee la Brescia. Verona ilishinda 2 kwa 1.