Ng'ambo ya Ngong Kuna Bonde Ambalo Wengi Hatujaliona

Mama apikaye maharagwe huko Kawangware hutia kipande cha magadi sufuriani ili yaive upesi, asimalize makaa. Kukikucha, akitazama kusini-magharibi, huiona milima ya Ngong imejipanga kama vifundo vya ngumi. Ni wachache wajuao kwamba magadi hayo hutoka ng'ambo ya milima hiyo hiyo, na walioenda kujionea ni wachache zaidi.

Husemwa kuwa kutembelea milima na mabonde ni kazi ya wageni wenye kamera. Si kweli. Mkazi wa Kibera akitokea barabara ya Ngong pale Toi, au wa Kawangware akiteremka hadi Dagoretti Corner, matatu ya 111 itamfikisha mjini Ngong kabla jua halijawa kali. Kutoka hapo ni miguu yake na ada ya msitu langoni. Lakini asiende peke yake. Wapandaji wamewahi kuporwa huko, hivyo ni heri kuandamana na kundi au askari wa msitu.

Kilele cha Lamwia kina urefu wa mita 2,460. Ukigeukia mashariki utaona mteremko wa taratibu, mashamba, kisha mabati ya Nairobi yakimeta. Ukigeukia magharibi, ardhi yakatika ghafla! Sababu ni kwamba Ngong ni nusu ya mlima tu. Zaidi ya miaka milioni tano iliyopita palikuwa na volkano kubwa hapo, kisha nchi ya upande wa magharibi ikadidimia na kuondoka na nusu nyingine.

Ganda la dunia hapa linavutwa pande mbili, milimita chache kila mwaka. Wataalamu huliita bamba la mashariki Somalia, na la magharibi Nubia. (Wanubi wa Kibera, ambao wazee wao waliokuwa askari waliuita mtaa huo kwa neno lao la msitu, wana haki ya kutabasamu kidogo.) Mtaalamu wa miamba J. W. Gregory alilichunguza bonde hili mwaka wa 1893, na ndiye aliyelieneza jina la Bonde la Ufa.

Moto ule haukuishia mlimani. Mawe ya kijivu yaliyojenga nyumba nyingi za Nairobi ni majivu ya volkano yaliyoshikamana, na udongo mwekundu unaochafua viatu vyetu Kawangware wakati wa mvua ni miamba ya volkano iliyooza.

Mwenye nauli zaidi na apite Kiserian, avuke Corner Baridi, ateremke barabara ya Magadi. Joto huongezeka kila kona. Huko Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walianza kazi mwaka wa 1942, mashoka ya mawe ya watu wa kale yamelala chini kwa mamia, pale pale yalipoachwa. Mbele zaidi ni ziwa Magadi, mita 600 hivi tu juu ya bahari. Maji ya chemchemi za moto huingia humo yakakosa pa kutokea, jua likayakausha, yakabaki magadi meupe na ya waridi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mtoto wa Kibera hufundishwa Bonde la Ufa kwa mchoro wa ubaoni na kuulizwa katika mtihani, hali ukingo wake hauzidi mwendo wa asubuhi moja. Gharama ya basi moja la kukodi ndiyo humzuia.

Lakini walimu watakaofunga safari wachague majira. Machi 2018, mvua kubwa ilifungua ufa uliokata barabara ya Narok karibu na Mai Mahiu, kwa kuwa udongo wa majivu husombwa upesi. Aprili 2012, vijana 7 waliokuwa katika ziara ya kanisa walikufa maji katika korongo la Hell's Gate. Mvua yaweza kunyesha mbali, na korongoni jua likiwaka bado, maji yakaja. Kwa hiyo waulizwe askari wa mbuga kwanza, na wakisema msishuke, msishuke. Kwa wendao Magadi, chukueni maji ya kutosha na mwulize mapema saa ya gari la kurudi, maana magari ya njia hiyo ni machache.