Bango la Kidijitali na Uzito wa Sentensi Moja: Kuwasilisha Utafiti wa Tabia Kazini kwa Kiswahili mjini Bujumbura

Ikisiri

Katika makongamano mengi ya kitaaluma, bango la karatasi linaiachia nafasi skrini. Makala haya yanaeleza namna vipindi vya mabango ya kidijitali vinavyoendeshwa, na kuchunguza athari za mabadiliko hayo kwa utafiti wa tabia za watu kazini unaowasilishwa kwa Kiswahili katika mazingira ya lugha nyingi ya Bujumbura. Hoja kuu ni kwamba skrini hupunguza muda wa bango kuonekana na kuongeza uzito wa sentensi inayobeba matokeo. Kwa sababu hiyo, uteuzi wa kiambishi cha wakati, wa mnyambuliko wa kitenzi na wa istilahi unaweza kuamua ni nani atakayebebeshwa lawama katika sera itakayofuata. Makala yanahitimisha kwa kutoa mapendekezo kwa waandaaji na kwa washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Bujumbura ni mahali panapofaa kutazamia suala hili. Ingawa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi ulihamishiwa Gitega mwaka 2019, Bujumbura imebaki kuwa kitovu cha biashara na cha elimu ya juu. Ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1964, na ndipo yalipo makao makuu ya Tume ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki. Machi 2017 jiji hilo lilikuwa mwenyeji wa Kongamano la Sita la Afya na Sayansi la Afrika Mashariki. Watafiti kutoka nchi jirani hufika wakiwa na lugha zao za kazi: Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili.

Maeneo ya kazi ya jiji lenyewe nayo yana lugha zaidi ya moja. Kirundi ndiyo lugha ya taifa na ya mazungumzo ya kila siku. Kifaransa kimekuwa lugha ya majalada ya ofisi kwa miongo mingi, na Kiingereza kilipewa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2014. Kiswahili kina mizizi mirefu katika mitaa kama Buyenzi, katika gereji na masoko, na katika shughuli za bandari zinazoliunganisha jiji na Kigoma kwa njia ya ziwa. Kwa hiyo, matokeo ya utafiti kuhusu mahudhurio, uchovu au mahusiano ya wafanyakazi na wasimamizi hupita katika lugha kadhaa kabla ya kumfikia mtunga sera. Mara nyingi kituo cha mwisho cha safari hiyo ni bango.

2.0 Kutoka karatasi hadi skrini

Bango la utafiti si utaratibu wa kale sana. Mkutano wa Shirikisho la Vyama vya Biokemia vya Ulaya uliofanyika Madrid mwaka 1969 hutajwa kuwa wa kwanza wa kimataifa kutenga vipindi vya mabango. Mwaka 1974 utaratibu huo ulitumika Minneapolis, Marekani, na baadaye ukaenea katika taaluma nyingine. Sababu yake ilikuwa ya kihesabu: watafiti waliotaka kuwasilisha walikuwa wengi kuliko saa za mihadhara. Bango liliwaruhusu kumi kwa mamia wasimame katika ukumbi mmoja kwa wakati mmoja.

Mwaka 2019 Mike Morrison, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu wa saikolojia ya kazi katika Chuo Kikuu cha Michigan State, alipendekeza muundo mpya uliojadiliwa sana. Katikati ya bango huwekwa sentensi moja kubwa inayotaja matokeo kwa lugha nyepesi. Pembeni huwekwa muhtasari wa utafiti pamoja na takwimu za kumsaidia mwasilishaji kujibu maswali. Msimbo wa QR humpeleka msomaji kwenye makala kamili. Inafaa kuzingatia kwamba pendekezo hilo lilitoka katika taaluma inayochunguza namna watu wanavyofanya kazi, kwa kuwa lilimchukulia msomaji wa bango kama mfanyakazi mwenye dakika chache na mabango mengi ya kupitia.

Janga la UVIKO-19 liliharakisha hatua iliyofuata. Kuanzia mwaka 2020 makongamano mengi yalihamia mtandaoni, na mabango yakawa mafaili. Mikutano ya ana kwa ana iliporejea, baadhi ya waandaaji waliendelea na mafaili hayo na kuweka skrini kumbini. Utaratibu wa kawaida ni huu: mwandishi hutuma faili siku kadhaa kabla, waandaaji hulihakiki na kulipanga chini ya mada, kila skrini hupewa mabango kadhaa, mwandishi hupewa zamu ya dakika chache za maelezo na maswali. Nje ya zamu, msomaji anaweza kulitafuta bango kwa kugusa skrini au kwa kutumia simu yake.

3.0 Karatasi hutumia nafasi, skrini hutumia muda

Tofauti ya msingi kati ya aina hizo mbili huonekana kwa hesabu rahisi. Tuchukulie kongamano lenye mabango 60, skrini 10 na kipindi cha dakika 90. Kila skrini itabeba mabango 6, na kila bango litapata dakika 15. Kama mabango hayo yangekuwa ya karatasi, yote 60 yangebaki wazi kwa dakika zote 90, na pengine kwa siku nzima. Mshauri wa sera anayepita akielekea kwenye chai angeweza kukutana na bango ambalo hakukusudia kulisoma. Kwenye skrini, bango ambalo zamu yake haijafika halionekani isipokuwa kwa anayejua la kutafuta.

Ukubwa nao hupungua. Karatasi ya A0 ina sentimita 84.1 kwa 118.9. Skrini ya inchi 55 yenye uwiano wa 16 kwa 9 ina takriban sentimita 122 kwa 68.5, yaani eneo lililo pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita. Mwandishi anayenakili bango lake la karatasi na kulibandika kwenye skrini hupata maandishi madogo ambayo msomaji aliyesimama hatua mbili nyuma hawezi kuyafuata.

Hayo hayamaanishi kwamba skrini haina faida. Humwondolea mtafiti kutoka Bukavu au Mwanza gharama ya kuchapa na usumbufu wa kusafiri na bomba la karatasi. Huruhusu kosa la takwimu kusahihishwa usiku wa kuamkia wasilisho. La muhimu zaidi kwa Bujumbura, huruhusu bango moja liwe na kurasa sambamba za Kiswahili, Kirundi, Kifaransa na Kiingereza, jambo ambalo karatasi ya A0 haina nafasi ya kulifanya. Hata hivyo, muda ukiwa mfupi, kinachosomwa na wengi ni sentensi ya katikati peke yake.

4.0 Sarufi ya sentensi ya katikati

Tuangalie mfano wa kubuni. Mtafiti amewahoji wauguzi 120 na kubaini kwamba 48 kati yao walichelewa angalau mara moja katika wiki iliyotangulia. Anapoandika sentensi ya katikati kwa Kiswahili, ana njia kadhaa.

Njia ya kwanza ni: "Wauguzi huchelewa kazini." Kiambishi hu- hutaja mazoea, na hakimfungi mtendaji kwenye wakati wowote. Sentensi hiyo imegeuza matokeo ya sampuli ya wiki moja kuwa tabia ya kundi zima. Mara nyingi hutokana na tafsiri ya haraka ya wakati uliopo sahili wa Kiingereza, ambao katika maandishi ya kitaaluma umezoeleka kutaja matokeo. Msomaji wa Kiswahili haisomi kama kaida ya kitaaluma. Huisoma kama hukumu juu ya wauguzi.

Njia ya pili ni: "Ukosefu wa usafiri wa alfajiri huwachelewesha wauguzi." Hapa kauli ya kutendesha imehamisha chanzo cha ucheleweshaji kutoka kwa muuguzi hadi kwenye usafiri. Katika jiji ambalo uhaba wa mafuta umeathiri sana usafiri wa umma katika miaka ya karibuni, kauli hiyo huonekana ya haki. Lakini kitenzi "chelewesha" kinadai kwamba chanzo kimethibitishwa. Ikiwa hojaji ilipima umbali na mahudhurio tu, mtafiti hana ushahidi wa kumruhusu kutumia kauli hiyo, hata kama anawahurumia waliohojiwa.

Njia ya tatu ni: "Kati ya wauguzi 120 waliohojiwa, wanaoishi mbali na kituo walichelewa mara nyingi zaidi kuliko wanaoishi karibu." Sentensi hii ni ndefu, lakini ina kiambishi -li- cha wakati uliopita, ina sampuli, na ina ulinganisho ambao data inaweza kuubeba iwapo ndivyo hesabu zilivyoonyesha. Mshauri wa sera anayeondoka na sentensi ya kwanza ataandika kuhusu nidhamu. Anayeondoka na ya pili ataandika kuhusu mabasi. Anayeondoka na ya tatu atauliza swali la ziada kabla ya kuandika, na hilo ndilo matumizi sahihi ya matokeo ya namna hiyo.

5.0 Istilahi na mzigo wake

Uteuzi wa istilahi una athari ya aina hiyo hiyo. Dhana ambayo kwa Kifaransa huitwa "absentéisme" mara nyingi hutafsiriwa "utoro kazini". Neno "utoro" limebeba hatia ndani yake: mtoro ametoroka. Mfanyakazi aliyelazwa hospitali, aliyefiwa au aliyekosa usafiri hakutoroka, lakini jedwali lenye kichwa hicho litamhesabu pamoja na aliyetoroka. "Kutokuwapo kazini" ni istilahi ndefu na isiyo na mvuto, lakini inataja kilichopimwa bila kuongeza sababu. "Utoro" libaki kwa utafiti uliothibitisha kwamba mfanyakazi aliondoka bila ruhusa na bila dharura.

Mfano wa pili ni uchovu unaotokana na kazi. Katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, Shirika la Afya Duniani limeueleza kuwa ni hali ya kikazi, si ugonjwa, yenye sura tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kiakili na kazi au kuikatia tamaa, na kushuka kwa ufanisi. Neno "uchovu" peke yake hutaja sura ya kwanza tu, na msomaji anaweza kudhani kwamba likizo fupi inatosha kuwa tiba. "Uchakavu wa kikazi" au "uchovu sugu wa kazi" ni majaribio yanayohitaji kujadiliwa na vyombo kama Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya Kiswahili ya nchi wanachama.

Bango la kidijitali linaweza kusaidia hapa kuliko karatasi. Istilahi inaweza kuwekewa maelezo yanayofunguka msomaji anapoigusa, na swali la hojaji linaweza kuonyeshwa katika lugha liliyoulizwa. Ikiwa fundi wa gereji alijibu kwa Kiswahili swali lililotungwa kwa Kifaransa, msomaji ana haki ya kuyaona maneno yote mawili.

6.0 Faragha ya waliochunguzwa

Bango la karatasi huteremshwa jioni. Faili hubaki, hunakiliwa na husambazwa. Kwa utafiti wa kazini tofauti hiyo ni nzito, kwa sababu miongoni mwa wasomaji anaweza kuwamo mwajiri wa waliohojiwa. Kuficha jina la taasisi hakutoshi katika jiji ambalo sekta fulani zina taasisi chache. Kuandika "bandari moja ya ziwani nchini Burundi" ni karibu sawa na kuitaja bandari ya Bujumbura. Jedwali linalogawa majibu kwa jinsia, cheo na miaka ya kazi linaweza kumwonyesha msimamizi pekee mwanamke wa idara kwa mtu yeyote anayeifahamu idara hiyo.

Watafiti wengi wa maoni ya wafanyakazi hawatoi takwimu za kundi lenye watu wachache. Kiwango cha chini kinachotumika mara nyingi ni watu watano au kumi. Kanuni hiyo haina budi kutumika kwenye bango kama inavyotumika kwenye ripoti. Vilevile, ridhaa aliyoitoa mhojiwa kwa utafiti haimaanishi kwamba ameridhia picha yake akiwa kazini iwekwe mtandaoni bila kikomo. Fomu ya ridhaa inapaswa kuutaja uhifadhi wa kidijitali waziwazi, katika lugha anayoielewa mhojiwa.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matano yanapendekezwa kwa waandaaji wa makongamano mjini Bujumbura na kwingineko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

(a) Sentensi ya matokeo iandikwe kwanza kwa Kiswahili, isitafsiriwe dakika za mwisho, na ihakikiwe na msomaji wa lugha pamoja na mtakwimu. Wawili hao waulizane swali moja: je, kitenzi hiki kinadai zaidi ya kilichopimwa?

(b) Kila bango liwe na nakala ya A3 iliyobandikwa ukutani kwa siku nzima, ili muda mfupi wa skrini usiwe sababu ya utafiti kutoonekana. Nakala hiyo pia itafaa umeme unapokatika.

(c) Mafaili yahifadhiwe ndani ya kompyuta za ukumbini, na kipindi kisitegemee intaneti.

(d) Washauri wa sera watengewe saa yao, nje ya zamu za kawaida, ya kuzungumza na waandishi kwa lugha ya pamoja.

(e) Mwandishi aamue kabla ya kutuma faili litabaki wazi kwa muda gani, na waandaaji waheshimu uamuzi huo.

Mapendekezo ya (a) na (e) hayahitaji fedha, na yanaweza kuanza kutumika katika kongamano lijalo. Mengine yanahitaji bajeti ndogo ya uchapaji na ratiba iliyopangwa kwa kumfikiria msomaji. Mshauri wa sera naye ana wajibu wake. Kabla ya kunukuu sentensi ya katikati katika waraka wa wizara, aguse msimbo, asome ukubwa wa sampuli, na atazame ni swali gani waliulizwa watu ambao waraka huo utawahusu.