FRANSHIZI NA DEVI: NANI ANALIPA MATENGENEZO YA MOTOKARI?

Wafanyakazi wengi wanafikiri kwamba mtu akiisha kulipa asiransi, hasara yote ya ajali italipwa. Siku ya ajali wanashangaa. Tufahamu basi mambo haya.

Asiransi ni ya namna mbili. Ya kwanza inalipa hasara unayowafanyia wengine: mtu uliyemgonga, ukuta uliovunja. Hiyo ni ya lazima katika inchi yetu tangu sheria ya mwaka 1973, lakini haitengenezi motokari yako. Ya pili inalipa hata hasara ya motokari yako, unaichagua mwenyewe. Humo ndimo tunakuta neno franshizi.

Franshizi ni sehemu ya hasara ambayo mwenye motokari anajilipia. Mfano: franshizi ni dola 150, matengenezo ni dola 900. Asiransi inalipa 750, wewe 150. Kama hasara ni taa moja ya dola 120, asiransi hailipi kitu. Anayechagua franshizi kubwa analipa asiransi kidogo kila mwaka, lakini aweke akiba.

Devi ni karatasi ya garaji yenye bei ya vipande, rangi na kazi ya fundi. Si neno la mwisho. Ekspeti wa asiransi anaangalia motokari na kupima bei. Akikubali dola 700 tu, franshizi inatolewa juu ya 700: asiransi inalipa 550. Garaji ikishikilia 900, wewe unabaki na deni la dola 350!

Kwa hiyo:

1. Kwanza saidia walioumia, kisha ita polisi waandike ajali.
2. Julisha asiransi upesi, kwa barua. Siku zinazokubaliwa zimeandikwa katika mkataba.
3. Usitengeneze motokari mbele ekspeti hajaiona. Tunza vipande vilivyovunjika.
4. Omba devi katika garaji mbili. Fundi na ekspeti wapatane bei mbele ya kazi kuanza.

Zamani SONAS ilikuwa peke yake. Sheria ya mwaka 2015 ilifungulia kampuni nyingine mlango. Mikataba haifanani. Soma wako pamoja na bibi yako, mbele ya kutia sahihi.

Kumbukeni: franshizi inatoka katika feza ya chakula cha watoto. Njia nzuri ya kutoilipa ni kuendesha polepole.